Homa ya influenza: Dawa zipo, lakini hazingoji siku ya tatu

Msomaji, tuseme ulilala jana usiku ukiwa mzima. Leo alfajiri umeamka mwili ukitetemeka, kichwa kinagonga kama ngoma, viungo vyote vinauma na kikohozi kikavu kimeanza kukukaba. Utafanya nini? Wengi wetu twalijua jibu. Utameza vidonge viwili vya parasetamoli vilivyobaki kabatini, utakunywa chai ya tangawizi na ndimu, kisha utajifunika blanketi. Kesho hali isipobadilika utamtuma mtoto akuletee dawa ya malaria, ama utaingia katika duka la dawa la karibu na kuomba zile kapsuli za rangi mbili za kuua viini. Siku ya tatu au ya nne, pumzi zikianza kuwa fupi, ndipo safari ya hospitali inapoanza.

Ikiwa kilichokushika ni homa ya influenza, basi kufikia hapo umeshapoteza muda wenye thamani kubwa. Dawa za kupambana na virusi vya ugonjwa huu zipo, na zimekuwepo kwa miaka mingi. Lakini hufanya kazi vyema zikianzwa katika saa 48 za kwanza tangu dalili zijitokeze, na afadhali zaidi zikianzwa siku ile ile ya kwanza. Si kila mgonjwa anayezihitaji. Kuna watu ambao dawa hizi zaweza kuwaokoa, na kuna wengine ambao kwao ni kupoteza pesa tu. Yafaa ujue wewe na jamaa zako mko upande gani kabla ya ugonjwa kubisha mlango.

Homa ipi?

Lugha yetu ya kila siku hutupotosha kidogo katika jambo hili. Hapa Kenya mtu akipiga chafya mara mbili husema ana homa. Anayechemka kwa malaria naye husema ana homa. Daktari akisikia neno hilo hulazimika kuuliza maswali kumi zaidi.

Mafua ya kawaida husababishwa na virusi vya aina nyingi, zaidi ya 200. Huja polepole: koo linawasha, pua inatiririka makamasi, unapiga chafya, lakini unaendelea kwenda kazini hata kama ni kwa shida. Influenza huletwa na virusi vyake vyenyewe, hasa vile vya kundi A na kundi B, na huja kwa kishindo. Mgonjwa mara nyingi aweza kukuambia hata saa ilipoanza. Joto la mwili hupanda na kufika nyuzi 38 au zaidi, misuli na mgongo huuma, hamu ya chakula hupotea, na hata baada ya joto kushuka uchovu na kikohozi vyaweza kudumu wiki mbili au zaidi. Watoto wadogo hutapika au kuharisha pia. Wazee wakati mwingine hawapati joto kabisa. Huonekana tu wamelegea na kuchanganyikiwa, na jamaa hudhani ni uzee.

Dawa ninazozieleza hapa ni za influenza peke yake. Kwa mafua ya kawaida hazina faida yoyote.

Katika nchi za baridi kama Uingereza na Marekani ugonjwa huu una msimu wake, na daktari wa huko akitazama kalenda tu hupata dokezo. Kwetu sivyo. Uchunguzi ambao umefanywa kwa miaka mingi na Wizara ya Afya pamoja na taasisi ya utafiti ya KEMRI umeonyesha kuwa virusi vya influenza huzunguka nchini mwaka mzima, vikipanda miezi fulani na kushuka mingine. Kwa hivyo usiseme si msimu wake.

Hapa sharti niweke onyo moja. Ikiwa unaishi Kisumu, Busia, Kwale, Kilifi au kwingineko kwenye malaria, au umetoka huko hivi karibuni, joto kali lolote lipimwe malaria siku hiyo hiyo. Kipimo cha kudunga kidole hutoa jibu kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Usimeze dawa ya malaria kwa kukisia, na usikisie kuwa ni influenza vilevile. Mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja. Ugonjwa wa korona nao, ambao tuliufahamu mwaka 2020, hufanana na influenza kiasi kwamba hata daktari mzoefu hawezi kuutofautisha kwa macho. Ni kipimo tu kinachoweza kukata shauri.

Kapsuli za duka la dawa

Ni jambo la kusikitisha kwamba dawa inayonunuliwa haraka zaidi mtu anapopata influenza ndiyo isiyomsaidia hata kidogo. Antibiotiki huua bakteria. Bakteria ni kiumbe kamili chenye ukuta wake na mitambo yake, na antibiotiki hubomoa ukuta huo au kuharibu mitambo hiyo. Kirusi hakina ukuta wa namna hiyo wala mitambo. Ni kifurushi kidogo cha maagizo kinachoingia ndani ya chembe hai za mwili wako na kuzifanya zikitengenezee watoto. Hakuna mahali ambapo antibiotiki itakigusa. Katika mwongozo wake wa Septemba 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri wagonjwa wa influenza isiyo kali wasipewe antibiotiki ikiwa hakuna dalili za kutosha za bakteria.

Zipo nyakati ambapo antibiotiki huhitajika. Influenza hukwaruza njia ya hewa na kuacha mlango wazi, na bakteria wa nimonia huingia. Dalili yake kuu ni hii: mgonjwa anapata nafuu, joto linashuka, kisha baada ya siku moja au mbili joto linarudi kwa nguvu na kikohozi kinakuwa kibaya zaidi. Hilo ni la daktari.

Huenda ukauliza pia: je, mtu anayetumia ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, si amekingwa tayari? Hapana. Neno “dawa ya virusi” si jina la dawa moja inayofukuza virusi vyote. Kila kufuli na ufunguo wake. ARV hazizuii influenza, na dawa ya influenza haifanyi lolote kwa virusi vya Ukimwi wala vya korona. Anayetumia ARV aendelee nazo bila kuruka hata siku moja, na akipata influenza amwambie daktari mapema, kwa sababu yeye ni miongoni mwa wale wanaoangaliwa kwanza, hasa ikiwa kinga ya mwili wake imeshuka.

Namna dawa zinavyofanya kazi

Kirusi cha influenza kikishaingia katika chembe hai za pua, koo au mapafu, chembe hiyo hugeuzwa kuwa kiwanda. Virusi vipya vinapotoka hunasa kwenye ngozi ya nje ya chembe kama nzi walionasa kwenye ulimbo. Ili vijinasue, kila kimoja kimebeba mkasi wake, kimeng'enya kiitwacho nyuraminidesi, ambacho hukata nyuzi za ulimbo huo. Vikishajinasua huenda kuvamia chembe nyingine, na nyingine tena.

Dawa ya oseltamiviri, ambayo wengi huijua kwa jina la Tamiflu, hujibana katikati ya meno ya mkasi huo. Virusi vipya hubaki vimenasa pale pale na kinga ya mwili huja kuvimaliza. Angalia basi kwamba dawa hii haiui kirusi. Inazuia kuenea tu. Katika siku mbili tatu za mwanzo virusi huwa vinaongezeka kwa kasi ya ajabu; baadaye mwili wenyewe huanza kuvishinda. Ukimeza dawa siku ya nne, virusi vimekwisha kusambaa, na maumivu unayoyasikia kwa kiasi kikubwa ni ya vita ambavyo mwili wako unapigana. Ndiyo maana saa 48 zinatajwa sana.

Dawa za kwanza za influenza zilikuwa amantadini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1966, na baadaye ndugu yake rimantadini mwaka 1993. Hizo zimeachwa, na sababu yake nitaieleza. Mwaka 1999 ziliidhinishwa mbili zilizozizidi: oseltamiviri ya kumeza, na zanamiviri (Relenza), ambayo ni unga unaovutwa kwa mdomo kupitia kifaa kidogo. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha peramiviri, inayopitishwa kwenye mshipa. Mwaka 2018 Japani, na baadaye mwaka huo huo Marekani, zikaruhusu baloksaviri (Xofluza), ambayo haingoji mkasi. Huzuia kirusi kunakili maagizo yake tangu mwanzo, na humezwa mara moja tu. Ukisoma majina haya kwenye pakiti hutaiona ile “i” ya mwisho, na baloksaviri huandikwa kwa herufi “x”. Usidhani umeuziwa dawa nyingine.

Jambo la kando ambalo huenda likawapendeza wapishi: oseltamiviri ilipoanza kutengenezwa kwa wingi, malighafi yake ilitolewa katika kile kiungo cha Kichina chenye umbo la nyota, kinachouzwa pamoja na mdalasini na iliki. Lakini kati ya kiungo hicho na kidonge kuna hatua nyingi za kikemikali. Kukichemsha kwenye chai hakutibu influenza, ingawa chai yenyewe ni tamu.

Zinasaidia kiasi gani?

Nisikufiche. Kwa mtu mzima mwenye afya njema dawa hizi si muujiza. Mwaka 2014 watafiti wa mtandao wa Cochrane, baada ya kuvutana kwa miaka na kampuni ili waonyeshwe ripoti kamili za majaribio, walikadiria kuwa oseltamiviri hupunguza muda wa dalili kwa watu wazima kutoka siku 7 hadi 6.3. Hiyo ni chini ya siku moja. Taarifa hiyo ilizua kelele nyingi, hasa Uingereza ambako serikali ilikuwa imetumia pauni milioni 424 kununua Tamiflu ya akiba. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2023, uliojumlisha majaribio 15 yaliyohusu wagonjwa ambao hawakuwa wamelazwa, haukuona kwamba dawa hiyo ilipunguza idadi ya waliohitaji kulazwa hospitalini.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2009 ilipozuka ile influenza ya H1N1 iliyoitwa homa ya nguruwe, ambayo mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa hapa nchini mwezi Juni alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuwa na wenzake Kisumu, madaktari wa nchi nyingi waliweka rekodi za waliolazwa. Rekodi za wagonjwa zaidi ya 29,000 kutoka nchi 38 zilichapishwa pamoja mwaka 2014. Miongoni mwa waliolazwa, wale waliopewa dawa katika siku mbili za kwanza walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa karibu nusu wakilinganishwa na wale waliochelewa kupewa au ambao hawakupewa kabisa. Huo haukuwa utafiti wa kugawa dawa kwa bahati nasibu, kwa hivyo wapo wanaoutilia shaka. Ila jaribio la kumnyima dawa mgonjwa mahututi ili tuone kitakachotokea ni gumu kulifanya, na sidhani kama kuna anayetaka kulifanya kwa mama yake.

WHO imekwenda katikati. Oseltamiviri iliingia katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2011. Mwaka 2017 ikahamishiwa katika orodha ya ziada, kwa wagonjwa wa hospitalini walio katika hali mbaya. Mwongozo wa 2024 unashauri oseltamiviri kwa influenza kali, baloksaviri kwa wale ambao ugonjwa wao bado si mkali lakini wamo katika hatari kubwa ya kuzidiwa, na kwa wengine wasio katika hatari, hakuna dawa ya virusi. Binafsi naona huo ni ushauri mzuri kwa nchi kama yetu, ambako si kila duka la dawa lina dawa hizi na si kila mfuko unazimudu.

Nani aharakishe

Basi kijana wa miaka 25 asiye na ugonjwa mwingine apumzike, anywe maji mengi, ameze parasetamoli, na asiuze kuku kwa ajili ya Tamiflu. Asiende kazini akawaambukiza wengine.

Lakini wewe mama mjamzito, usingoje. Mimba hubadilisha kinga ya mwili na kubana mapafu, na influenza huwalemea wajawazito kuliko wanawake wengine wa umri wao. Hatari hiyo huendelea hadi wiki mbili baada ya kujifungua. Oseltamiviri ndiyo inayochaguliwa kwa wajawazito. Baloksaviri haipendekezwi kwao. Usingoje pia ikiwa mgonjwa ni mtoto wa chini ya miaka mitano, na hasa aliye chini ya miwili. Au ni mzee wa miaka 65 na zaidi. Au mtu mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, figo au ini, selimundu, mapafu yaliyodhoofishwa na kifua kikuu, saratani inayotibiwa, au kinga iliyopungua kwa sababu yoyote. Wanene kupita kiasi wamo pia.

Kwa watu hawa daktari aweza kuanza dawa kabla ya majibu ya maabara. Kipimo cha haraka cha influenza, pale kinapopatikana, kikisema ipo ni vyema kuamini, lakini kikisema haipo kinaweza kuwa kimekosea, kwa kuwa baadhi ya vipimo hivyo hukosa wagonjwa wengi. Na ikiwa saa 48 zimepita lakini mgonjwa amezidiwa na kulazwa, dawa bado hupewa. Mlango huwa umefungwa kwa yule mwenye ugonjwa mwepesi, si kwa mahututi.

Oseltamiviri kwa mtu mzima ni miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku tano, kwa mfano saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kwa mtoto kipimo hufuata uzito, kwa hivyo usivunje kapsuli ya mkubwa na kukisia nusu. Mwenye ugonjwa wa figo hupunguziwa. Adha yake kubwa ni kichefuchefu na kutapika. Kumeza baada ya chakula husaidia. Ukipata nafuu siku ya pili, maliza siku zote tano. Kumekuwa pia na taarifa, nyingi kutoka Japani, za watoto na vijana waliofanya mambo ya ajabu au kuweweseka wakiwa na influenza, wengine wakiwa wamemeza dawa na wengine hawajameza. Mzazi amchunge mtoto siku mbili za mwanzo.

Zanamiviri haifai kwa mwenye pumu, kwani unga wake waweza kuibana njia ya hewa. Nayo baloksaviri ina sharti moja ambalo kwa Mkenya ni zito: isimezwe pamoja na maziwa, mala, wala vidonge vya kalsiamu, madini ya chuma au dawa za kupunguza asidi tumboni, kwa sababu hivyo hunasa dawa isiingie mwilini. Chai yetu ya maziwa imo. Meza kwa maji.

Kujikinga

Dawa hizi zaweza pia kumzuia mtu asiugue baada ya kukaa na mgonjwa. Katika utafiti uliofanywa Japani na kuchapishwa mwaka 2020, watu waliokuwa wakiishi nyumba moja na mgonjwa wa influenza waligawanywa makundi mawili. Kati ya waliopewa baloksaviri, karibu 2 katika kila 100 waliugua; kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, karibu 14. Oseltamiviri nayo hutumiwa hivyo, kidonge kimoja kwa siku kwa siku 10, mradi ianzwe katika saa 48 tangu mtu akutane na mgonjwa. Kumtibu mgonjwa mwenyewe pia huwapunguzia wengine hatari: utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa wagonjwa waliomeza baloksaviri waliwaambukiza asilimia 9.5 ya waliokaa nao, ilhali wale wasioipata waliwaambukiza asilimia 13.4. Ni nafuu, ila si ukuta.

Usikimbilie kuwanunulia jamaa wote. Kinga hiyo hudumu siku unazomeza tu, ukiacha, imekwisha. Inamfaa bibi mwenye ugonjwa wa moyo ambaye mjukuu wake amerudi kutoka shuleni akiwa anachemka. Inafaa katika makao ya wazee pakizuka ugonjwa. Inafaa kwa aliyegusa kuku wagonjwa wenye ile influenza ya ndege inayoua watu, na huyo WHO inashauri apewe katika siku mbili. Haiwafai wanafunzi 800 wa shule ya bweni eti kwa sababu watatu wanakohoa. Hapo watenge walio wagonjwa, fungueni madirisha ya mabweni, mtenganishe vitanda, na sabuni iwekwe penye mifereji.

Kinga inayodumu zaidi ni chanjo. Hutolewa kuanzia umri wa miezi sita, na hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika. Mtoto wa chini ya miaka tisa anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili zilizoachana wiki nne. Hapa nchini utaipata hasa katika hospitali na kliniki za kibinafsi. Mwili huchukua kama wiki mbili kujenga kinga baada ya sindano, na katika kipindi hicho ndipo vidonge vyaweza kumshikilia mtu aliye katika hatari. Aliyechanjwa akiugua bado anaweza kutibiwa kwa dawa hizi.

Kwa nini amantadini iliachwa

Nilisema nitaeleza. Kirusi cha influenza hujinakili kwa haraka na kwa makosa mengi, na baadhi ya makosa hayo hukifanya kisisikie dawa. Amantadini ilitumiwa ovyo, katika nchi nyingine ikiuzwa madukani bila cheti cha daktari, na kuna mahali ilichanganywa hata katika chakula cha kuku. Kufikia majira ya baridi ya 2005 hadi 2006, karibu virusi vyote vya aina ya H3N2 vilivyopimwa Marekani vilikuwa sugu, na Januari 2006 madaktari wa huko wakaambiwa waache kuitumia. Oseltamiviri nayo iliponea chupuchupu. Kati ya 2007 na 2009 virusi vya H1N1 vya wakati huo vilisambaa duniani vikiwa sugu kwayo. Kilichotuokoa ni bahati: kirusi kipya cha 2009 kilichukua nafasi yao, na chenyewe kilikuwa kinaisikia dawa. Vilivyo sugu hata sasa ni vichache, lakini vipo.

Kwa hivyo usimgawie jirani vidonge vilivyobaki, wala usimeze viwili leo kwa sababu pua inawasha na kuweka vingine kwa mwezi ujao. Mtoto na kijana mwenye influenza asipewe dawa ya maumivu yenye asipirini. Yaweza kuleta ugonjwa hatari wa ubongo na ini. Soma pakiti, maana asipirini hujificha katika vidonge vingi vya kichwa vya dukani. Mpe parasetamoli.

Ukienda kwa daktari, mwambie dalili zilianza siku gani na saa ngapi, kama una mimba au waweza kuwa nayo, una ugonjwa gani mwingine, unatumia dawa zipi, na uzito wa mtoto ukiujua. Kisha umuulize wazi: je, hii yaweza kuwa influenza, na je, mimi ni wa kupewa dawa ya virusi? Akikuandikia, piga simu kwenye maduka ya dawa mawili matatu kabla ya kupanda matatu, kwa sababu waweza kuzunguka mji mzima saa zikienda. Dawa ikikosekana, rudi umwambie; usikubali kubadilishiwa antibiotiki dirishani.

Lakini ikiwa mgonjwa anapumua mbio au kwa shida, kifua cha mtoto kinabonyea ndani anapovuta pumzi, midomo inageuka samawati, hawezi kunywa wala kunyonya, hakojoi, anachanganyikiwa, ana degedege, au joto limerudi baada ya nafuu, usianze kutafuta duka la dawa. Mpeleke hospitali, hata kama ni usiku.